Pasipoti ya Mwanahawa

Tangu Mwanahawa aagwe kwa pilau kwenda kufanya kazi ng'ambo, jirani yake, Saumu, halali kwa kijicho. Naye alitaka kwenda, lakini wakala wake bado alikuwa anamsomea mkataba, mstari kwa mstari. Asubuhi hii Saumu alimwendea, akadai pasipoti yake, akaipeleka kwa wakala wa Mwanahawa.

"Mkataba nasaini wapi?"

"Utaukuta huko huko, dada," wakala alisema. "Mwenzako hakuuliza maswali. Wiki ya tatu sasa yuko huko, anakula mshahara."

Kijicho kikamchoma upya. Wakala akavuta droo, akanyoosha mkono apewe pasipoti. Mle ndani, juu ya rundo la pasipoti, ilikuwemo ile yenye jalada la kanga nyekundu, ambalo Mwanahawa alilishona mwenyewe akaringia mtaa mzima.

Saumu aliikumbatia yake. Mkono wa wakala ulikuwa bado umenyooshwa.