Besi ya Gidion

Eunice aliingia kwa Gidion bila hodi, panga mkononi, akitafuta kwa macho waya wa kukata.

Kijana alikuwa amepiga magoti nyuma ya redio yake kubwa, muziki ukiunguruma.

"Shikamoo, mama."

"Shikamoo yako kaa nayo! Vikombe vyangu vinaanguka kabatini. Ukuta wa sebuleni umepasuka. Unataka nyumba inizike?"

"Weka panga chini kwanza."

"Siweki!"

Tangu dereva huyu wa bodaboda ahamie jirani nao hapo Nyamongo, kwenye machimbo ya dhahabu, Eunice hakujua tena mchana wa utulivu. Gidion akiwasha redio tu, du, du, du, sakafu inatetemeka mpaka kwenye nyayo. Eunice alishamshitaki kwa mwenyekiti wa kitongoji. Alishammwagia maji machafu mlangoni.

Kilichomuuma zaidi ni mumewe. Marwa, mwanaume aliyewahi kukimbiza wezi wa ng'ombe peke yake, kwa jirani huyu alikuwa amegeuka kondoo.

"Achana naye," alikuwa akisema. "Acha kijana asikilize muziki wake."

Kisha anajifungia chumba cha uani kulala, maana usiku alikuwa mlinzi. Usingizi alikuwa anaupataje katika kelele zile, Eunice hakuelewa.

Gidion alisimama, akagonga kisanduku cheusi chenye vitufe vya kusukuma juu na chini.

"Unaiona hii? Ni ikwalaiza. Nimeifuata Tarime mjini kwa sababu ya mdomo wako. Waya wa deki unaingia huku, huu unatoka kwenda kwenye amplifaya. Nikishusha hapa, besi inakufa. Halafu usikanyage tena kwangu."

"Shusha nione. Ukinidanganya, nakata kila kitu."

Gidion alisukuma vitufe vya besi mpaka chini kabisa. Muziki ukawa mwembamba, kama unatoka kwenye simu.

Du. Du. Du.

"Mwongo mkubwa wewe!"

"Nimeshusha mpaka mwisho! Angalia mwenyewe!"

Alichomoa waya, akachomeka upya, akapuliza matundu, akatukana fundi aliyemuuzia. Sakafu ilizidi kutetemeka. Eunice hakungoja zaidi. Alimsukuma pembeni, akainua panga, akakata nyaya za spika kwa pigo moja.

"Umeniharibia vitu vyangu!" Gidion alimrukia, akamkamata mkono wenye panga. Walisukumana mpaka ukutani, kila mmoja akihema usoni kwa mwenzake.

Spika zilikuwa kimya.

Du. Du. Du.

Wote wawili waliganda. Gidion alimwachia mkono taratibu, akachutama na kuweka kiganja sakafuni, kisha akakiweka kwenye ukuta wa upande wa nyumba ya Eunice.

"Mama," alisema, sauti imemshuka. "Hii inatoka kwako."

Eunice alikimbia. Alivuka uwanja, akapita sebuleni, akaenda moja kwa moja chumba cha uani. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani.

"Marwa! Amka, toka nje! Nyumba inaanguka!"

Gidion alimpita, akaupiga mlango kwa bega mpaka komeo likang'oka.

Kitanda kilikuwa kimesimamishwa ukutani. Pale kilipokuwa palikuwa na shimo lililozungukwa na viroba vya mawe ya dhahabu, na ndani yake Marwa, kifua wazi, nyundo mkononi, akiwatazama kwa hasira.

"Nani amezima muziki?"