Masharti ya Indosidi

Kokushubira alipindua sanduku la wifi yake juu ya mkeka, akaanza kupekua. Kitenge kimoja, gauni la kanisani, kipande cha sabuni, barua mbili alizoandikiwa na mumewe Projest kutoka Mwanza. Alikung'uta hata barua. Vidonge havikuwamo.

"Umeviuza wapi?"

Uwimbabazi alikuwa amesimama mlangoni, jembe bado begani. Alikuwa kwenye kibarua tangu alfajiri na hakuwa na nguvu ya kugombana. "Wifi, vyote nilimpa mzee. Vya kwanza na vya pili."

"Ulimpa asipirini. Indosidi zimekwenda gulioni."

Yote yalianzia kwenye goti la mzee Kashaija, baba yake Kokushubira. La kulia lilikuwa limevimba mpaka likang'aa, na la kushoto lilikuwa linafuata. Wiki mbili nyuma walimbeba kwa machela kutoka kijijini Kiruruma hadi zahanati. Nesi Immaculata, mgeni kutoka Songea, alimpa bahasha ya vidonge vya indosidi na kummwagia masharti kwa sauti ya kusemea na kiziwi, ingawa mzee anasikia vizuri: asiguse pombe ya rubisi, asibebe kitu kizito, ameze kimoja kutwa mara tatu baada ya chakula asije akatoboka tumbo, goti alilaze juu ya mto. "Nimesikia, mama," mzee alijibu. Alikuwa tarishi wa mahakama ya mwanzo kwa miaka kumi na tisa, na agizo la mtu wa serikali hakuwahi kulichezea.

Wiki ikapita, uvimbe uko palepale. Uwimbabazi alirudi zahanati peke yake, saa tatu kwenda na saa tatu kurudi, akapewa bahasha ya pili. Wiki nyingine ikaisha. Mzee akawa anageuza uso ukutani ili wasimwone anavyolia.

"Dawa hii haiwezi kushindwa kiasi hicho," nesi alimwambia Kokushubira. "Labda kama hamezi. Muulize anayempelekea."

Hapo ndipo Uwimbabazi alipopakwa matope. Wazazi wake walikuwa wakimbizi wa Kinyarwanda kule Kibingo, na miaka minne ndani ya ukoo huu alikuwa hajapata mtoto. Mtu wa namna hiyo neno moja linamtosha. Kokushubira, aliyeolewa kijiji cha pili lakini kwa baba yake akatawala vilevile, alimpa hadi Jumapili. Wazee wa ukoo wangekaa baada ya ibada, na kama vidonge havijaonekana, mwanamke angerudishwa kwao kabla mumewe hajapata hata barua.

Alimwita mzee ashuhudie, yeye na wifi yake wakiwa wamesimama mlangoni pa chumba chake.

"Tata, mukamwana wako, huyu mke wa Projest, anakuletea dawa?"

"Ananiletea."

"Na masharti unayafuata?"

"Kama nilivyoambiwa. Sijaruka hata moja."

Kokushubira alimgeukia wifi yake kama mtu aliyekwisha shinda kesi.

Uwimbabazi asingeweza kuingia mle kutafuta. Mke wa mtoto haingii anakolala baba mkwe, na hata nyumba ikiungua watu wangelijadili hilo kwanza. Dawa aliiacha kizingitini, mzee akanyoosha mkono kuichukua. Sahani vilevile. Alichokuwa na hakika nacho ni kwamba mzee hashindi na njaa, na kwa mwaka ule hilo halikuwa jambo dogo. Wadudu fukusi walikuwa wamemaliza kibanja chote cha ndizi. Migomba ilianguka yenyewe ikaozea chini. Vibarua alivyofanya vilimpatia unga wa mahindi, siku nyingine muhogo. Mzee alimaliza kila alicholetewa, akanawa, akasukuma sahani mlangoni. Kisha akauliza kwa upole, kila siku:

"Mukamwana, chakula lini?"

Siku za mwanzo ilimuuma. Aliona ni dharau kwa mapishi yake. Baadaye akadhani akili ya mzee imeanza kuchoka, na mwishowe akaacha kudhani chochote, kwa sababu hata kudhani kunataka nguvu.

"Nimekwisha kukupa, Tata," angejibu.

"Haya," mzee angesema.

Jumamosi mzee alishindwa hata kukaa kitako. Kokushubira alisema hawangoji tena wazee wa ukoo, anapelekwa hospitali kubwa leo hii. Wanaume wanne walikuja na machela.

"Na wewe funga mizigo yako," alimwambia Uwimbabazi. "Tukirudi nisikukute."

Uwimbabazi alikaa chini, akaanza kurudisha vitu sandukuni. Iliuma. Lakini palepale alijisikia nafuu, kwamba kesho hatahitaji kumtafutia mtu yeyote unga, na nafuu hiyo ndiyo iliyomtia aibu kuliko kuitwa mwizi.

Chumbani, Kokushubira alitungua koti la utarishi msumarini ili amvalishe baba yake. Mfuko wa ndani ulichakarika. Alitoa bahasha mbili, akazimwaga kitandani, akahesabu kwa sauti, na kadiri alivyohesabu ndivyo sauti ilivyofifia. Ishirini na kimoja. Arobaini na viwili. Vyote alivyotoa nesi, hakuna hata kimoja kilichopungua.

"Tata! Mbona hukumeza?"

Kashaija alimtazama binti yake kama mtu anayeulizwa kwa nini hakuiba.

"Ningemezaje? Yule mama alisema baada ya chakula. Na tangu migomba ianguke, mwanangu, chakula sijala; nakula ugali tu."