Mwanafunzi wa Kitheka

Pikipiki ilimlalia Nicanor mguuni, bomba la moshi likiunguza suruali, na Kitheka akabaki amesimama kando akichokonoa meno kwa kijiti.

"Umeangalia gurudumu," Kitheka alisema. "Ukiangalia gurudumu unaenda chini. Angalia kule unaenda. Amka, bana."

Nicanor aliamka. Kampuni yao ya dawa za mifugo pale Ruiru ilikuwa imenunua pikipiki mpya, ndefu, tairi zake za meno, ya kwenda lami na porini. Meneja alikuwa ametangaza kwamba mwezi wa sita atakayeimudu vizuri zaidi kwenye njia mbovu ndiye atakayekuwa afisa wa nyanjani. Kila mtu alijua kazi yenyewe: kuzungukia wenye ng'ombe wa maziwa, kuanzia Mugutha hadi kule juu Gatundu. Unatoka asubuhi, jioni uko nyumbani. Nicanor aliitaka kwa ajili ya mchumba wake, Nyawira: babake, mwenye duka Gitothua, alikuwa amemwambia bila kuzunguka kwamba binti yake haolewi na mtu wa kubeba makatoni stoo.

Kitheka alikuwa tarishi wa kampuni, na ndiye pekee kati yao aliyejua pikipiki. Naye alikuwa amejiandikisha kwa mtihani huo huo. Hata hivyo Nyawira alikwenda kumwomba amfundishe Nicanor kwa pikipiki yake kuukuu, na Kitheka akakubali bila maneno mengi.

Musau, askari wa getini, hakupendezwa.

"Ushaona wapi mtu akimfundisha mpinzani wake bure?" alimuuliza Nicanor. "Huyo anakufundisha kuanguka."

Neno hilo lilimkaa Nicanor kichwani. Kila Jumapili baada ya kanisa aliendelea kwenda mazoezini Mugutha, lakini jicho lake lilikuwa kwa Kitheka kuliko kwa njia. Hata hivyo alijifunza. Alijifunza kusimama juu ya vikanyagio, magoti yakibana tangi, mikono imelegea. Alijifunza kuiacha pikipiki icheze chini yake bila kupigana nayo. Nyawira alikuwa akiwaletea uji, akiukalia ukingo wa shamba na kuwatazama. Wa Nicanor ulikuwa na sukari. Wa Kitheka hakuutia, na hakumuuliza kama anaitaka. Nicanor alifurahi kuona mchumba wake anajua kumheshimu mwalimu.

Baadaye Kitheka aliyaacha matope ya Mugutha, akampeleka nje ya Thika, pale malori yanapomwaga mchanga wa ujenzi. Huko gurudumu la mbele lilizama na kuyumba kama mguu wa mlevi. Nicanor alikula mchanga mpaka akatema damu. Aliuliza mchanga wa nini, na wao watu wa udongo mwekundu. Kitheka alimjibu kwamba akiuweza mchanga, matope yatakuwa lami kwake. Punguza upepo kwenye tairi, kaa nyuma, ongeza moto hata ukiogopa.

Jumapili moja Nicanor alibana breki ya mbele akakuta haishiki. Alishuka akakagua. Waya ulikuwa umelegezwa kwa mkono wa mtu. Alimshika Kitheka shati.

"Unataka kuniua?"

"Nimekunyima hiyo breki ujue kuishi bila hiyo," Kitheka alisema, wala hakuutoa ule mkono. "Siku moja utaibana kwenye mchanga, ikutupe, na mimi sitakuwa karibu kukuokota. Sasa niachie shati, ni ya kanisa."

Nicanor aliona aibu. Siku hiyo alirudi Gitothua akamweleza Nyawira jinsi alivyomdhania vibaya mtu mwema, na Nyawira akamwambia amsikilize Kitheka kwa kila kitu.

Siku ya mtihani mvua ilikuwa imenyesha. Wafanyakazi wote walipelekwa kwenye mteremko wa mashamba ya kahawa, na Nyawira akaja pia. Nicanor alitangulia. Aliteremka amesimama, macho mbali, akavuka mtaro, akapanda upande wa pili huku matope yakiruka nyuma yake, na hakuweka mguu chini hata mara moja. Watu walipiga makofi.

Kisha Kitheka akaingia. Alifika mtaroni, mahali ambapo hata Nicanor hakupata shida, akabana breki ya mbele. Alianguka kifudifudi.

Nicanor alielewa. Mtu huyu alikuwa amemwachia kazi. Alikimbia kumwinua, lakini Nyawira alikuwa ameshafika.

"Wewe nenda, meneja anakuita," alimwambia. "Nitamwangalia."

Meneja alimpa Nicanor mkono mbele ya watu wote, akamkabidhi ufunguo. Halafu akasema kulikuwa na jambo alilokuwa amelinyamazia, maana angelisema mapema hakuna ambaye angejitokeza. Kituo hakikuwa Ruiru. Pikipiki ilikuwa ya Garissa, kwa wafugaji wa ngamia, na Nicanor angepandishwa lori pamoja nayo kesho yake asubuhi. Miaka mitatu, bila familia. Asiyetaka aache kitambulisho cha kazi getini.

"Na umshukuru Kitheka," meneja alisema, akimpigapiga begani. "Ni yeye peke yake nilimdokezea, mwezi wa pili. Akaniahidi atanitengenezea mtu wa kule."

Nicanor aligeuka kumtafuta Nyawira. Alikuwa bado mtaroni, amepiga magoti, akimfuta Kitheka matope usoni kwa leso yake, bila haraka.