Ulimbo wa Sandukuni

"Duara liko wapi?"

Telesphory alikuwa amepiga magoti mbele ya sanduku lake la bati, jasho likimtiririka. Juzi kufuli lilipoharibika, alibandika donge la ulimbo wa mkuyu kwenye mwanya wa kifuniko, akaligandamiza kwa mdomo wa kifuniko cha kalamu. Duara likabaki. Leo halipo.

"Umefungua, Mama Queen! Nyaraka za ofisi hizi! Huoni wanavyopunguza watu mwaka huu? Unataka na mimi nitolewe?"

Mkewe, Tereza, alikuwa mlangoni akikung'uta mchanga kwenye viatu vyeusi vya kazi vya mumewe, kama kawaida yake. Hakuinua kichwa.

"Kwenu Bukoba hamtegi ndege, Baba Queen? Ulimbo huujui."

"Usinijibu hivyo!" Akalipiga bati ngumi. "Kama umefungua, leo hii unarudi kwenu Makwale. Na Queen anabaki!"

Tereza akaweka viatu chini. Akabandua donge, akalibandika juu ya beseni, akalitoa uani kwenye jua la Kyela.

"Weka alama yako. Kaa uilinde mwenyewe."

Telesphory akagandamiza kwa nguvu zote. Akavuta kigoda, akakaa amekunja mikono, amefura. Duara lilikuwa kali kama limechongwa.

Jua likapanda. Kwanza ukingo ukalegea. Kisha bonde la duara likaanza kujaa, polepole, mpaka wali wa mchana ulipoiva donge lilikuwa laini tupu. Hakuna aliyeligusa.

Hasira ikamwishia mdomoni.

"Kumbe linatiririka lenyewe," alisema. "Nisamehe, Mama Queen. Nimekufokea bure."

"Linatiririka."

Tereza akachukua wembe, akalikata donge katikati. Akavibana vipande viwili kwa vidole. Mstari wa wembe ukafifia mbele ya macho yao, ukapotea.

"Na ukilikata, linaungana lenyewe. Halibaki na kovu."

Telesphory akautazama wembe, kisha mkewe. Sasa aliyekuwa na hasira ni Tereza. Akavisukuma vile viatu vyeusi kwa mguu mpaka vikamgusa mumewe.

"Nyaraka zako nimezisoma. Jumatatu vaa ndala. Miezi mitatu nakung'uta mchanga wa ziwani kwenye viatu vya mtu aliyepunguzwa kazi."