Tausi Kapiga Hodi Kwao

Siku hizi mtoto hulelewa na watu wa asili yake, na asili husemwa na chipu inayosoma mate. Chipu ya zamani ilisoma sehemu chache za vinasaba, kwingine ikakisia. Ikasema Tausi wangu si wetu, watu wa serikali wakamchukua. Mpya imesoma zaidi, ikasema ni wetu, na eti tushukuru!

Jana walimrudisha. Nilikuwa jikoni niliposikia, "Hodi!"

"Mwanangu, unapiga hodi kwenu?"

Akaketi ukingoni mwa kiti, begi mapajani.

"Lete nguo nikupangie kabatini."

Akalikumbatia begi. "Ziache tu, mama. Wamesema chipu nyingine inatoka mwezi ujao."

Nikamtazama mdogo wake, amelala mkekani. Nikaenda kutafuta begi la pili.