Saba Mbili

“Wewe! Ukigusa swichi hizo, kazi huna!”

Sauti ya meneja ilipasuka kwenye spika ya ukutani mpaka wapakiaji wa sabuni wakaacha makatoni yao. Mama aliyekuwa akifokewa alikunja tena mikono ya ovaroli iliyompwaya, akafungua kisanduku cha umeme cha pipa la kulia.

“Haya, nagusa,” alisema. “Shuka uje unizuie!”

Mapipa mawili ya kuchanganyia sabuni, makubwa kama vyumba, na yote yamepewa namba saba! Kule juu ofisini kuna mtambo unaoziita mashine kwa namba, kama mwalimu anavyoita mahudhurio. Ukiita saba, mapipa yote mawili yanaitikia kwa pamoja. Moja linachanganya sabuni, na kwenye la pili mapanga yanazunguka hata kama kuna mtu ndani anasugua. Uzembe huo alikuwa ameusikia ukilalamikiwa kila chakula cha jioni, na jibu la meneja halikubadilika: oda kwanza, namba baadaye. Baadaye ipi, jamani? Ya kiama?

Msafishaji alikuwa amesimama mlangoni mwa pipa la kulia, brashi mkononi.

“Shemeji, acha tu. Huyu bosi hana masihara. Nitaingia chapuchapu, nitoke.”

“Huingii.”

“Nikikataa ataniachisha. Nina watoto, shemeji.”

“Ndiyo maana nakwambia huingii. Kaa pale.”

Msafishaji akakaa juu ya ndoo. Yule mama alikuwa amezoea kufungua redio na feni za watu, na vijiswichi hivi vya kupangia namba, japo vidogo kuliko punje za mtama, havikumtisha. Alivisukuma kimoja kimoja kwa ncha ya bisibisi. Saba ikawa nane. Akazima umeme wa pipa, akawasha tena ili namba ishike.

“Ole wako!” spika ikabweka.

“Ole wangu ilishapita, baba. Jamani huko juu, iteni saba!”

Kule juu, dada wa kompyuta akaita saba bila kumtazama bosi wake. Pipa la kushoto likanguruma. La kulia, kimya, hata panga moja halikutikisika. Wapakiaji wakapiga makofi, na mzee wa stoo akageukia ukuta akafuta machozi.

Meneja akashuka ngazi kwa kishindo, shati limemchomoka, kidole kimetangulia.

“Umefukuzwa! Leo hii, sasa hivi! Unaitwa nani wewe?”

Yule mama alifunga kisanduku taratibu, akamtazama usoni bila kupepesa.

“Unifukuze kazi gani, na mimi sijaajiriwa hapa? Nilikuja kuchukua nguo za mume wangu, mliyemtoa ndani ya pipa hili Jumatatu.”