Taa Nyekundu ya Masukulu

Asajile alifumba macho, akaiombea kompyuta, halafu akabofya Masukulu.

Taa ya kijani ikawa nyekundu.

"Amina," alisema, akajicheka mwenyewe.

Programu yenyewe ilikuwa rahisi hata kwa fundi wa umri wake. Kila kituo cha kupimia majani ya chai kilikuwa na taa yake kwenye skrini: Kiwira, Ibighi, Masukulu. Ya kijani, mtandao upo na mizani inatuma uzito ofisini Tukuyu. Nyekundu, hakuna kitu, majani hayapokelewi, na wakulima wanasubiri kwenye mvua wakimwita fundi majina ambayo hakubatizwa nayo.

Kiwira kilitulia. Ibighi kilitulia. Masukulu peke yake, tangu mwezi uliopita, kilizimika na kuwaka kinavyojisikia. Na kilichomuuma Asajile ni hiki: meneja, Bi Loyce, akiingia kwa jina lake kukikagua, taa inabaki kijani. Akiingia yeye, mwenye cheti ukutani, inageuka nyekundu mbele ya macho yake.

"Labda kinakuogopa, mzee Asajile," Bi Loyce alimtania.

"Basi ni hicho tu. Nyumbani kwangu hata kuku hawaniogopi."

Lakini meneja hakuwa amekuja kutania. Kulikuwa na kijana fundi wa mitandao kutoka Mbeya, na alikuwa ameshapigiwa simu. Masukulu kikizimika tena wiki hii, kijana angechukua kiti, na Asajile angehamia stoo kupanga magunia. Bi Loyce alilitamka neno "stoo" kwa upole, kama anayetoa taarifa ya msiba.

Asajile aliogopa kweli. Alikuwa ameshabadilisha nyaya, akabadilisha swichi, akasoma maelekezo ya Kiingereza mpaka macho yakamtoka machozi. Hata siku mahari ya mwanae Godwin ilipopelekwa, aliwaachia kaka zake waende. Yeye alikuwa juu ya paa akifuta antena kwa soksi yake. Jina la binti aliambiwa, akasema ni zuri, akalisahau papo hapo. Aliambiwa pia kwamba ametoka kwa watu wenye adabu. Akasema vizuri, akarudi kwenye nyaya zake.

Akakodi pikipiki kwenda Masukulu.

Njiani, mama mmoja aliyejitwisha kuni aliacha njia ghafla, akaingia kwenye migomba na kuwapa mgongo. Mzee mwenye mkongojo akapita, akakohoa, akaenda zake. Ndipo mama akarudi njiani.

"Yule mzee ni mkwewe," Asajile alimwambia dereva. "Umeona heshima ile? Wasichana wa siku hizi wakikutana na baba mkwe wanampungia mkono."

Kituo kilikuwa chumba kimoja chenye mizani, kompyuta na mlango wa kuingilia stoo ndogo ya nyuma. Kiti cha karani kilikuwa kitupu. Mlinzi, mzee Anyelwisye, alisimama kumsalimu kwa Kinyakyusa.

"Mugonile, tata."

"Ndaga. Karani mpya yuko wapi?"

"Ametoka kidogo."

"Kila nikija ametoka kidogo."

Anyelwisye alitazama mlango wa stoo, halafu akatazama mvua. "Ndiyo hivyo, tata. Ametoka kidogo."

Asajile akagusa kiti. Kilikuwa bado na joto. Hapo akaelewa, au alidhani ameelewa, na furaha iliyomjaa haikuwa ya kujivunia: kumbe mwenye kosa ni mtu mwingine! Akampigia Bi Loyce.

"Nyaya ni nzima, meneja. Mbovu ni karani. Anazima mashine, anaenda zake kujificha."

"Karani yule? Wakulima wote wanamsifu."

"Mimi simsifu. Sijawahi hata kumwona!"

"Tuhakikishe kwanza. Nakaa kwenye kompyuta yako, naingia kwa jina lako. Wewe angalia huko."

Asajile akakodolea macho skrini ya Masukulu. Punde picha ikatokea, ikaijaza yote: yeye mwenyewe, suti na tai, kifua mbele, na chini yake maandishi, ASAJILE ANAKAGUA KITUO HIKI. Alikuwa ameiweka picha ile kwenye programu kwa majivuno yake, wala hakuwahi kujua kwamba huku upande wa pili inatokea kubwa kiasi hicho. Alijitazama. Akaona hajaharibika sana.

"Bado kijani," Bi Loyce alisema kwenye simu.

"Umeona? Hayupo wa kuizima! Afukuzwe leo hii."

"Haya. Kama una uhakika, mwambie aje ofisini kuchukua barua yake."

Asajile akakata simu. Alijisikia mwepesi, stoo ya magunia ilikuwa imempita kando. Akamgeukia mlinzi kwa sauti ya mtu mwenye cheo.

"Mzee Anyelwisye, najua yumo humo ndani. Mwambie atoke. Asipotoka, kazi hana."

Mzee alikwenda kwenye mlango wa stoo, akazungumza Kinyakyusa kwa sauti ya chini. Sauti ya msichana ikamjibu taratibu. Mzee akarudi ameinamisha kichwa.

"Anasema hawezi kutoka ukiwa hapa, tata, wala hawezi kukaa kwenye kiti kile sura yako ikiwa mbele yake, ndiyo maana huizima mashine. Anasema kazi muichukue tu. Yeye hataki kuingia nyumbani kwa Godwin akiwa ameshamvunjia heshima baba yake."